Sheria Niliyoitunga Mlangoni mwa Ofisi

Mimi ni mwalimu na nilisema uongo. Acha nianzie hapo, maana nikianza na maelezo nitajikuta najitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha.

Ulikuwa uongo mfupi. Nilimwambia mzazi kwamba sheria ya nchi inakataza mwanafunzi kukaa na dawa shuleni. Hakuna sheria hiyo. Niliitunga palepale, nimesimama mlangoni mwa ofisi na chaki mkononi, kwa sababu nilitaka aondoke nikaendelee na kazi zangu.

Yule mama hakubisha. Angebisha hata kidogo, huenda leo nisingekuwa naandika haya.

Shule yetu ni ya msingi, iko kijijini huku Bariadi. Mimi kwetu ni Ipililo, Maswa, na Kisukuma nimekinyonya kwa mama yangu. Nasema hivyo ili usije ukadhani labda mimi na huyo mama hatukuelewana lugha. Tulielewana vizuri sana.

Binti yake nitamwita Kabula, ingawa si jina lake. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwenye mdomo wa maswali. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Baba yake muda mwingi yuko na ng'ombe upande wa Mwandoya, kwa hiyo mambo yote ya nyumbani na ya shule alikuwa nayo mama peke yake. Kabula alikuwa anakuja na pampu yake, ile ya bluu ya kupuliza mdomoni, kaiweka kwenye mfuko wa sketi.

Mimi ndiye mwalimu wa afya. Kabati la huduma ya kwanza liko chini yangu, na kofuli yake ni yangu. Mle ndani mna bandeji, spiriti, panadol, basi. Lakini nilikuwa nalionea fahari kabati lile, sijui kwa nini. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba nalilinda kama benki.

Siku moja nikakuta watoto nyuma ya choo wanacheza kupulizia pamba. Unajua watoto wa huku, wanacheza kile wanachoona kwa baba zao. Mmoja kajifunga kitambaa puani, mwingine anapita kwenye mistari ya majani, na bomba lao lilikuwa nini? Pampu ya Kabula. Wanapuliza majani, wanahesabu wadudu waliokufa, na Kabula mwenyewe ndiye bwana shamba, anawaelekeza.

Nilikasirika. Nikaichukua pampu nikaifungia kabatini. Kwa siku ile nilifanya sawa, hata leo nasema hivyo. Kosa ni kwamba haikutoka tena.

Kesho yake mama akaja. Alikuwa ametoka shambani, miguu ina udongo mweusi, akanisalimia kwa heshima zote. "Mwangaluka, mwalimu." Akasema mtoto kakosa na keshamwadhibu, lakini anaomba mtoto akae na pampu yake mwenyewe, kwa sababu ikimbana inambana ghafla. Akanionyesha kwa mkono kifuani jinsi inavyombana. Walimu wawili walikuwa nyuma yangu wanasikiliza, na mimi sikupenda kufundishwa kazi yangu na mtu wa jembe mbele ya wenzangu. Ndivyo nilivyowaza, na sitapunguza neno.

Nikamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, siyo mimi. Ni sheria. Sheria ya nchi inakataza mtoto kukaa na dawa, zote zinakaa ofisini. Nikikuruhusu wewe, mimi nafungwa."

Lile la kufungwa nililiongeza tu, likatoka lenyewe.

Mama akaniomba radhi kwa kunisumbua. Akaondoka, na walimu wenzangu wakaniuliza hiyo sheria imetoka lini. Nikasema kuna waraka. Nyaraka zinakuja nyingi, nani anazisoma zote? Hakuna aliyeuliza tena. Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria ya shule, hata mwalimu mkuu alikuwa anaitaja mstarini.

Nusu mwaka ikapita salama. Kabula akibanwa kidogo anakuja ofisini, namfungulia, anavuta mara mbili mbele yangu, nafunga. Akibanwa usiku kwao anafanyaje, sikuwahi kuuliza. Nilijiona mlezi mzuri kweli.

Ukaja msimu wa kuvuna pamba. Shule ina shamba lake, liko ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Siku hiyo madarasa ya juu wote tuko kule. Mkoba wangu niliuacha ofisini ili usichafuke, na ufunguo wa kabati uko ndani ya mkoba. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda kikaoni mjini Bariadi, akaifunga ofisi na kuondoka na funguo. Niliona anafunga. Nilimuaga kwa mkono.

Pamba ikishavunwa inashindiliwa kwenye magunia marefu. Gunia linaning'inizwa, mtoto anaingia ndani, anaruka-ruka na kukanyaga huku wenzake wanamwaga pamba juu yake. Watoto wanagombania kuingia. Kabula akaomba zamu. Aliponiangalia nilitikisa kichwa kukubali, maana alikuwa mwepesi na gunia lilikuwa bovu.

Mle ndani mna vumbi. Nimezaliwa kwenye pamba, nalijua vumbi lile.

Akaanza kukohoa. Nilidhani anataka kutoka mapema aende kwenye kivuli, nikamwambia amalizie tabaka hilo. Akamaliza. Walipomtoa, midomo ilikuwa imebadilika rangi na mabega yanapanda na kushuka. Hakulia. Alikuwa ananiangalia mimi na kujipapasa mfukoni, kwenye mfuko wa sketi, ule ule wa zamani. Mkono ukawa unaingia na kutoka.

Mwalimu wa michezo akakimbia shuleni. Akavunja dirisha la ofisi, akautafuta mkoba wangu akaukosa, akavunja kabati kwa jembe. Alirudi mbio, pampu mkononi, damu kwenye kiwiko. Tukamwekea mdomoni. Lakini pampu haikusukumii dawa ndani, ni wewe unavuta, na Kabula hakuwa na nguvu ya kuvuta. Tukamweka kwenye bodaboda katikati yangu na dereva. Njiani nilimhisi mgongo wake kwenye kifua changu unahangaika, halafu ukatulia. Nilijiambia amepata nafuu.

Zahanati walimpokea, wakamlaza, nesi akamsikiliza kifua muda mrefu. Akaniangalia. Sikuuliza.

Sikulia siku hiyo. Sikulia msibani. Mpaka leo sijalia, na watu wanasema nina moyo. Sina moyo wowote. Nimekufa ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

Msibani walikuwepo wajomba waliotaka kujua nani alimnyima mtoto dawa. Maneno yakaanza kupanda. Mama mtu akainuka kwenye mkeka, kajifunga khanga kiunoni, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Msimsumbue mwalimu. Alifuata sheria. Angenipa mimi, angefungwa yeye."

Mjomba mmoja akaja kunipa mkono. Nilikuwa nimeshika sahani ya ugali, nikaibadilisha mkono, nikampa mkono wa kulia. Nikala. Jamani, nilikula nikamaliza.

Watu wa ofisi za juu wakaja kuandika maelezo. Nikasema ni utaratibu wa shule. Wakaandika utaratibu wa shule. Hakuna aliyesema nionyeshe karatasi. Kabati lilipata bawaba mpya.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekufa na siri yangu. Lakini Kabula ana mdogo wake wa kike, nitamwita Minza. Naye ana pumu.

Januari iliyofuata Minza alitakiwa kuanza darasa la kwanza, na jina lake halikuonekana kwenye uandikishaji. Tukapita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji. Mama alitukaribisha vizuri, akatuwekea viti. Akasema mtoto yupo na umri ametimiza, ila hatampeleka. Hagombani na shule, hagombani na mtu. Anasubiri sheria ibadilishwe.

Mwenyekiti akamweleza kwamba kutomwandikisha mtoto ni kosa na mtendaji wa kijiji atamwita. Akasema anajua, na akaitwa ataitika.

Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, mimi kuandika sijui. Niandikie barua kwa serikali. Waambie naomba mtoto mwenye pumu aachiwe dawa yake. Wewe sheria unaijua, utajua pa kuigusa."

Niliandika. Niliketi kwenye kiti chake, nikaandika barua nzuri, ukurasa mzima, ya kuomba ifutwe sheria niliyoitunga mwenyewe. Akaweka dole gumba. Akanisindikiza mpaka barabarani, kama alivyokuwa akifanya kila nikienda kwake, akinishukuru njia nzima.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale. Sijui. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Majibu yalikuja baada ya miezi kadhaa kupitia kwa mtendaji. Bahasha ikaletwa kwangu nimsomee mama. Ilikuwa na mistari michache. Walisema hawaifahamu sheria wala waraka wowote unaomkataza mwanafunzi mwenye pumu kukaa na dawa yake, na kwamba mzazi azungumze na uongozi wa shule mtoto awe nayo karibu wakati wote.

Mama alikuwa amekaa mbele yangu, Minza yuko mapajani mwake, unaisikia vizuri pumzi yake ikipiga mluzi mdogo. Nikaitazama ile karatasi. Nikamsomea:

"Wamesema wameipokea, wanaifanyia kazi."

Ndiyo. Nilimdanganya mara ya pili, macho yangu yakiwa juu ya maandishi ya ukweli.

Akafurahi. Akamwambia Minza, umesikia, wanafanyia kazi.

Wiki mbili baadaye mtendaji akamwita. Nilipita pale nikamwona amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kavaa nguo ya kanisani, Minza pembeni anachora chini kwa kijiti. Alikuwa anachora herufi a. Aliigeuza nyuma mbele, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Mtoto wa miaka saba, hayupo shule kwa sababu yangu, na mama yake anakaribia kushtakiwa kwa sababu yangu.

Jioni ile nikaenda kwake. Nilimkuta anamenya karanga za mbegu. Nikakataa kiti, nikakaa chini. Nikamweleza yote kwa Kisukuma, ili nisijifiche kwenye maneno ya ofisini. Kwamba hakukuwa na sheria. Kwamba niliitunga pale mlangoni. Kwamba barua ilisema hivi, na mimi nikasoma vile.

Vidole vyake vilisimama. Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige, kusema kweli.

Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka tu kuhakikisha:

"Kwa hiyo angeweza kukaa nayo mfukoni?"

Nikasema ndiyo.

Akaendelea kumenya karanga. Nikakaa mpaka nikaona hakuna kingine kinachokuja, nikainuka kuondoka. Hakunisindikiza. Hakuinua hata kichwa. Kwa wasiotujua huku, hilo linaweza kuonekana jambo dogo.

Kesho yake nilimwandikia mwalimu mkuu barua nikaeleza ukweli, na nakala nikapeleka kwa mtendaji ili yule mama aachwe. Aliachwa. Mimi nasubiri uamuzi wa kazi yangu. Kabati nimekabidhi. Wajomba wamejua, kijiji kimejua. Nikienda kisimani au dukani naitikiwa kwa kichwa au siitikiwi kabisa. Silalamiki. Nimezoea haraka kuliko nilivyodhani.

Wewe mwenzangu wa ofisini, uwe mwalimu, nesi, karani, yeyote yule anayesimama mlangoni na watu wanakuja kumuuliza. Kama hujui, sema hujui. Kama hutaki, sema hutaki. Usimwambie mtu kwamba ni sheria ili tu aondoke, kwa sababu ataondoka kweli, na ataitii.

Na wewe mzazi, ukiambiwa ni sheria, omba uione. Kama husomi, mpelekee mwingine akusomee, halafu mpelekee na wa tatu.

Minza alianza shule Jumatatu. Mama yake alimleta mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa la kwanza. Shingoni alikuwa amemvika kijifuko cha kitambaa chenye kamba, na ndani yake pampu. Kitambaa ni cha bluu, cha sketi ya shule iliyopauka, na pindo la mfuko lilikuwa bado limeshonwa pale pale lilipokuwa.

Nilisema, "Mwangaluka, mayu."

Akapita.