Jina la Fundi wa Nguo Kwenye Upanga

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kali, mwaka 2017, hapa hapa Johannesburg. Usicheke, mwanangu, nami wakati ule bado nilikuwa najiita kijana, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nilikuwa namsaidia mjomba wangu, Mzee Ilunga wa Lubumbashi, kuuza vitu vya kale sokoni: saa, vinara, na panga za maofisa wa Kiingereza wa zamani.

Akaja Mkenya mmoja, mtu wa benki kule Sandton, anamtafutia zawadi baba mkwe wake, mwanajeshi mstaafu. Akaupenda upanga mmoja. Karibu na mpini palichorwa jina kwa madoido. Akalitafuta kwenye simu, uso ukambadilika.

"Dada, huyu alikuwa fundi wa nguo! Fundi wa nguo na upanga, wapi na wapi? Mnauza feki!"

Soko zima likageuka. Eish, aibu niliyoisikia! Mzee alikuwa ameenda kununua chai, na jina lake zuri pale sokoni ndilo lililomlisha. Likichafuka, basi tena. Hasira zikanipanda, nikashika msasa nilifute lile jina, upanga ubaki bila maneno.

Mara mkono ukanidaka. "Weye! Acha. Ile jina iko na sababu yake."

Mzee akaweka chai chini, polepole, kana kwamba hakuna mteja. Akatueleza kwamba ofisa wa zamani alishonewa koti na fundi wake, na fundi huyohuyo ndiye aliyemwagizia upanga kwa mhunzi, kisha akatia jina lake juu ya chuma kama anavyotia lebo kwenye koti. Akaugeuza upanga, akaupaka mafuta mgongoni, upande usiokata, akapangusa. Pakatokea muhuri mdogo wa mhunzi.

Mkenya akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi baba mkwe wangu atapata na hadithi ya kuwachosha wageni. Nifungie!"

Alipoondoka, Mzee akaniambia, "Kama ungefuta, yule bwana angekuwa amesema kweli. Upanga ungekuwa wa uongo, na mwongo ni miye."

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza, lakini giza haliondolewi kwa msasa. Jambo likikutatiza, hata likikuaibisha mbele za watu, usilifute. Ligeuze, litazame na mgongoni, waulize waliokutangulia. Mungu akupe subira ya kuuliza, na siku subira itakapokuishia, akuletee mtu wa kuudaka mkono wako.