Mistari Miwili ya Hajra

Hajra wa Nkowe alifukuzwa kwake kwa ugonjwa aliokwisha kupona. Aliyemponza ni Harithi, mpimaji wa maabara moja ya mtaani Nachingwea. Aliyemfukuza ni Twalha, mumewe wa miaka ishirini na miwili.

Miaka minne nyuma Hajra alikwenda Baringo, Kenya, kuwapikia mafundi wa barabara. Huko usubi wakamwambukiza ugonjwa wa kala-azar. Bandama ikavimba hadi akaonekana mjamzito. Alichomwa sindano siku kumi na saba, akapona, akarudi kwenye mikorosho yake.

Juni hii homa ikamshika. Akamweleza Harithi habari yote ya Baringo. Harithi akaagiza kipimo cha ugonjwa ule Dar, akadondosha tone la damu, ikatoka mistari miwili, alama ya kuwa umo. Mwenye damu hakuambiwa kitu. Aliyeitwa barazani ni Twalha.

"Bado anao huyo," Harithi akamwambia. "Angalieni vyombo."

Kesho yake ilikuwa shughuli ya jando. Kwa miaka kumi Hajra ndiye mpishi wa ubwabwa wa jando pale Nkowe. Alipoinama kwenye sufuria, wifi yake Zuhra akamsukuma.

"Kaa mbali, wifi! Unataka tuvimbe matumbo na waume zetu wako safarini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Jioni Twalha akatoa talaka.

Hajra hakulia. Alipanda bodaboda na homa yake hadi hospitali, akamkuta Daktari Marietha. Daktari akamminya tumbo: bandama haishikiki, haijavimba. Damu ikaonyesha malaria. Hajra akamuuliza habari ya kipimo cha Harithi.

"Kipimo kile hakimtafuti mdudu, dada. Kinatafuta askari ambao mwili wako uliwatengeneza ulipoijua ngozi ya mdudu. Vita imekwisha, askari bado wamo. Wanaweza kukaa miaka."

"Na kula nami sufuria moja?"

"Wale tu. Ugonjwa ule huletwa na usubi."

Dawa ya malaria ikaikata homa. Hajra hajui kusoma. Alisomewa cheti cha daktari mara tatu mpaka akakishika kichwani, kisha akaenda moja kwa moja kwa Harithi.

"Mama, mimi nilisoma mistari tu."

"Na kumwita mume wangu barazani, ulikusoma wapi?"

"Basi nitakuandikia barua."

"Nkowe hawakuletewa barua. Waliletewa maneno ya mdomo wako. Njoo uyaseme mengine."

Harithi aliahidi kuja Ijumaa. Zimepita Ijumaa tatu, na kila Jumamosi Hajra yuko mlangoni kwake, mbele ya wateja, akimuuliza kwa sauti.

Harithi bado anadaiwa kusimama Nkowe, mbele ya wanawake wale wale, aseme kwamba alikosea. Twalha anadaiwa kuwepo asikie.