Mtani Wangu na Mwavuli Wangu

Mama alifariki usiku, huko kwetu juu ya vilima vya Kisarawe, na habari zikanifikia asubuhi kwa simu ya reli. Karani wa stesheni ya Soga alinitafuta mwenyewe kwenye shamba la mkonge nilikokuwa nafanya kazi. Nikaambiwa mazishi ni alasiri, nijitahidi. Nijitahidi na nini? Masika ilikuwa imezoa tuta la reli upande wa Pugu na garimoshi halitembei. Ilibaki miguu yangu. Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, na nilitaka kuuona uso wake, kisha nishuke kaburini nimpokee kwa mikono yangu. Basi.

Kama kuna mtu sikumhitaji siku ile, ni mkata mkonge mwenzangu wa chumba cha pili. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na mtani akisikia msiba haulizwi kama anakuja. Alisimama mlangoni, akaniambia mama amekufa kwa kuchoka kuzaa mtu mvivu. Kisha akautungua mwavuli wangu ukutani akatangulia nje. Kitu akichukua mtani hunyang'anyi. Sijui nani alianzisha desturi hiyo, ila naamini hakuwahi kutembea kwenye masika.

Tukatembea. Mabondeni udongo ulikuwa mweusi, unang'ang'ania nyayo mpaka kila mguu ukawa mzigo. Mvua ilikuja ya ubavuni. Mimi nimelowa hadi mifupa, yeye mkavu chini ya mwavuli wangu, ananieleza kwamba Wazaramo hatukuumbiwa safari, ndiyo maana babu zake walituacha pwani tukila nazi. Kwenye kila mto uliofurika alisimama kwanza kuusifu. Tulipopita nyumba moja wakatukaribisha mihogo ya kuchemsha, nikakataa. Yeye akaketi, akala ya kwake na yangu, akawaambia wenyeji mimi ni mtumwa wake ananipeleka kuuzwa. Walicheka. Waliposikia nimefiwa waliacha, yeye akaendelea. Nilitamani kumpiga.

Huko mbele vilima vikaanza, na udongo mwekundu unaoteleza kuliko sabuni. Nilipanda kwa mikono na magoti, nashika mizizi, narudi chini na mizizi yenyewe. Tulipofika mgongo wa kilima cha kwanza, upepo uliupindua mwavuli ukavunja mbavu zote. Akanirudishia kwa adabu kubwa. "Shika mali yako," akasema. "Mimi siyo mwizi."

Hapo hapo tukasikia adhana ya alasiri ikitoka kijijini, ng'ambo ya bonde, na kilima kingine kizima kiko katikati. Nilikaa kwenye tope nikalia. Nikamwambia mama yangu anazikwa bila mimi kwa ajili ya mihogo aliyokaa kuila, na nikaongeza neno ambalo siliandiki.

Hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. "Mamako hazikwi mpaka watani wake waridhike," akasema. "Simama."

Niliona ni upuuzi uleule wa tangu asubuhi. Nilisimama kwa hasira tu, na sehemu ile ya mwisho alinisukuma mgongoni kwa mabega yake, huku akinitukana.

Tulifika magharibi inakaribia. Sikutaka kutazama upande wa makaburini. Lakini wanaume walikuwa bado uani, wamejikunyata chini ya majani ya migomba, na sheikh amenuna. Baba yangu mdogo alinishika mkono akanivuta hadi mlangoni. Maiti alikuwa amekwisha oshwa na kukafiniwa, jeneza liko tayari ukumbini. Halikuweza kutoka. Kwenye kizingiti alikuwa amelala bibi mmoja wa Kinyamwezi, jirani aliyetaniana na mama tangu mimi sijazaliwa. Walimbembeleza, wakamkaripia, sheikh akamtajia dhambi za kuchelewesha maiti. Aliwajibu kwamba anayetaka kumvuka mtani avuke. Hakuna aliyethubutu. Alisema habari zimepelekwa Soga, na yeye hanyanyuki mpaka mtumwa wake aje.

Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye tope la miguuni, kisha akaangalia ule mwavuli uliovunjika, ambao sijui kwa nini nilikuwa bado nimeushika.

"Umechelewa," akasema. "Mamako ananicheka huko ndani, na mgongo unaniuma. Niinue, ukamwone."

Nikamwinua. Upande mmoja wa kanga yake, uliokuwa ndani, ulikuwa mkavu. Upande uliokuwa nje ya mlango ulichuruzika maji, na mkono wake wa upande ule ulikuwa wa baridi.