Lango la Mama Halizibwi

Kila mgeni anayefika kwetu Kadutu huuliza lile lile: "Hili lango mtalibadilisha lini?" Halibadilishwi. Lishike kutu, liinamie upande, lakini mtu asinisogelee na mabati mapya. Nimechoka kueleza. Leo naeleza mara moja, na atakayeuliza tena, shauri yake.

Ni lango la manjanja, yale mabati ya kuezekea nyumba, yaliyopigiliwa kwenye mbao. Siku waasi walioshika mji walipopanda mtaa wetu kupora, baba alikuwa nyuma ya lango ameshikilia komeo. Hawakugonga. Walipiga risasi. Baba alifia pale pale, na lango likabaki na matundu kama chujio. Tulimzika, lakini lango Mama alikataa liguswe. "Bapite, baone," alisema. Kila asubuhi alifagia mbele yake kabla hajafagia mlangoni pa nyumba.

Vita vilipokaribia kuchoka, walikuja Wachina wa kofia za bluu, wale walinda amani, kutengeneza barabara. Mkalimani wao alikuwa dada mmoja wa kwao mwenye Kifaransa safi kuliko cha wanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha! Alifika shuleni kwangu kuomba karatasi za rangi zilizobaki. Za nini? Akatoa mkasi mfukoni, akakunja karatasi nyekundu, na nikiwa bado nashangaa, ilikuwa imeshakuwa ndege wawili na ua katikati.

Kumbe kwao alikuwa msanii. Alisema bibi zao hukata karatasi hivyo mwaka mpya na kuzibandika madirishani. Bibi yake alimfundisha, kisha akaenda shule ya sanaa, na sasa alikata kila kitu: mifuko ya plastiki, makopo, milango ya magari mabovu. Wazee wa kwao walimwambia anaharibu mila. Walimu wake wakamwambia hayo ni mambo ya kijijini. "Niliwaacha waseme," aliniambia, "mimi nikaendelea kukata." Nikampenda hapo hapo.

Nilimleta nyumbani. Mama alitia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika kibuyu, akavuta yeye kwanza kwa mrija, ndipo akampa. Mgeni akauliza mbona mwenye nyumba anatangulia. Nikamweleza kwamba kwetu watu wanaogopa sumu, na anayekupa kinywaji bila kuonja mbele yako, mkimbie. Alicheka, akanywa mpaka mashavu yakawaka. Halafu akaviona vitunga alivyosuka Mama, vimetundikwa ukutani, na akiondoka akasimama muda mrefu mbele ya lango.

Muda si mrefu amri ikashuka kutoka kwa komanda wa wale wale waasi walioshika mji. Wageni wakubwa wa mambo ya amani wangepita mtaani kwetu, kwa hiyo kila tundu la risasi lizibwe na kupakwa rangi. Lango litakalokutwa na tundu litang'olewa. Jamani! Watoboe wao, tuzibe sisi? Nililia kwa hasira. Kuliziba lango lile kulikuwa sawa na kusema baba alikufa kwa malaria.

Yule dada alipopata habari alikuja na mkasi wa kukatia bati. Alimwomba Mama ashushe vitunga, akainakili mistari yake kwa chaki juu ya lango, kutoka tundu la risasi hadi tundu jingine, kisha akaanza kukata. Akikosea mstari, Mama alimgombeza kwa Mashi, lugha yetu, naye akajibu kwa Kichina, akafuta, akachora upya. Lile tundu la karibu na komeo, pale aliposimama baba, alilizungushia ua la bibi yake. Alipomaliza, lango zima lilikuwa kitunga kimoja kikubwa cha bati, na jua likipita, mistari ya Mama ilitandazwa uani kwetu. Matundu yote ya risasi yalikuwa bado wazi.

Komanda alikuja na vijana wake kukagua.

"Nilisema muzibe! Nani alisema mutoboe?"

"Ni mapambo, komanda," nikamjibu. "Ya risasi iko wapi? Utuonyeshe, tutaziba ile."

Akainama. Kidole chake kikatembea tundu hadi tundu, na mtaa mzima umesimama unamtazama. Akanyanyuka bila kuonyesha hata moja. "Muling'oe leo!"

Ndipo Mama akatoka na kibuyu.

"Mutoto wangu, jua iko kali. Kunywa kwanza."

Akamwelekezea mrija. Hakuonja. Nilimwona, na majirani wote walimwona. Komanda akarudisha mkono nyuma.

"Onja wewe kwanza, maman."

"Miye? Mu hii nyumba mwenye kuonjea bageni ni papa ya batoto. Umuite."

Uongo mtupu! Lakini nani angemwambia? Komanda alitazama kibuyu, akatazama lile ua karibu na komeo. Bunduki zote zile nyuma yake, na hakuna iliyomsaidia. Aligeuka akateremka mtaa bila kuaga, vijana wake wakamfuata, na habari ya kung'oa lango hatukuisikia tena.

Mama alivuta kigoda, akaketi langoni, akanywa ile kasiksi yote peke yake mpaka mrija ukalia.