Conso, Mingulay ulienda bila mimi

Bado sikubali. Tangu Jumamosi watu wananipa pole, naitikia asante, halafu nachukua simu nimpigie Conso nimwambie kuna watu wananipa pole.

Kwa msiomfahamu: Consolate, Mrundi wa Skärholmen, Mama Divine. Miaka tisa tumefanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee huku Farsta, Uswidi. Alikuwa na kicheko cha kuamsha korido nzima, na in-charge alishazoea.

Kanisani wameniomba niseme maneno mawili siku ya ibada. Nimekataa. Nikisimama pale itabidi niseme alikuwa mwema, na kweli alikuwa mwema, lakini nimemkasirikia. Ndiyo maana naandika hapa kwenye wall yangu, asiyetaka kusoma apite.

Yote yalianza na kalenda. Mtu alitundika kalenda ya visiwa vidogo vya Uskoti kwenye chumba chetu cha chai, na ilipofika Agosti hakuna aliyeigeuza tena. Agosti ilikuwa Mingulay. Kisiwa kisicho na mtu, nyumba za mawe zisizo na paa, mchanga mweupe, na majabali yaliyojaa ndege.

Kila break tuliitazama. Siku moja Conso akaweka kikombe chini. "Mama Brian, uku tutaenda. Na miguu yetu."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Wanawake wawili wanaosukuma viti vya magurudumu kutwa nzima, waende kupanda milima wakiwa leave?

Tukaenda. Tulianza na vile ambavyo feri inafika. Eigg tulikiita Kisiwa cha Yai, na huko upepo ulinivua kofia, Conso akaipungia mkono ikienda baharini. Kisiwa cha Muck, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Tulikizunguka kisiwa chote mara mbili, matope hadi vifundoni, tukiwaimbia kondoo nyimbo za kwaya.

Akiona nimeishiwa pumzi, haniambii nipumzike. Anasema kamba za kiatu chake zimelegea. Anainama kuzifunga taratibu mpaka nikae sawa, na sote tunajua hazikulegea.

Yeye alikuwa na pasi ya Uswidi. Mimi na ya kwangu ya Kenya, kila safari niombe viza. Edinburgh uwanja wa ndege kuna foleni mbili. Yake inakwenda mbio, yangu haisogei.

Hakuwahi kupanga foleni kwenye yake. Afisa mmoja alimwonyesha kwa kidole apite kule. Conso akamjibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba yuko na dada yake. Tukasimama saa nzima, mifuko mgongoni, akinisimulia umbea wa kwaya.

Mtu wa namna hiyo nisingemwamini vipi?

Mwaka jana ilikuwa zamu ya Mingulay. Leave zetu zote mbili zimepitishwa, mwenye boti tumeshaongea naye. Viza yangu ikakataliwa.

Nilijifungia chooni kazini nikalia. Conso akanifuata akasimama mlangoni. "Nyamaza, Mama Brian. Tutangoja uraia wako utoke. Miye siendi bila weye." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Baada ya wiki mbili akaja kuazima koti langu jekundu la mvua. Alisema anaenda Örebro kwa binamu yake, watachuma matunda msituni. Alilirudisha limefuliwa, limekunjwa vizuri.

Mwezi uliopita uraia ukatoka. Nilimpigia nikipiga kelele afungashe. Akauliza tarehe ngapi. Akauliza kama safari hii nitaacha kukoroma. Tulibishana nusu saa nzima kuhusu viatu, kwamba vyake vimechakaa na lazima anunue vingine.

Nilijua mgongo unamsumbua. Alisema ni kuinua wazee, na nani pale kazini hana mgongo?

Haukuwa mgongo. Ilikuwa saratani, na alishaambiwa hata kabla viza yangu haijakataliwa.

Jumapili nilikwenda Skärholmen kukaa na wafiwa. Divine, bintiye wa miaka kumi na saba, akanipa kamera ya mama yake nichague picha ya ibada. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikafika kwenye mchanga mweupe. Nyuma yake nyumba zisizo na paa. Conso yuko katikati anacheka, amevaa koti langu.

"Hii ndiyo Örebro?" nikauliza, mjinga mimi.

Divine akanitazama kwa kunishangaa. "Mamma sa att du visste." Eti mama yake alimwambia kwamba ninajua.

Niliiweka kamera mezani, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Conso, sasa nasema na wewe. Umenisaliti. Si kwa kufa, kufa hukupanga. Lakini ulinidanganya mimi, ukamdanganya na mtoto, halafu ukakaa kwenye simu ukibishana nami kuhusu viatu vya safari uliyojua huendi.

Siku zote hizi najiambia ungesema ukweli tu. Ungeniambia unaumwa na muda ni mfupi, ningekukandia chapati za njiani mwenyewe na kukusindikiza hadi uwanja wa ndege wa Arlanda nikupungie mkono.

Leo asubuhi, ndani ya treni nikienda kazini, nimekubali kwamba hilo nalo ni uongo. Nisingekupungia mkono. Ningelia. Ningekuambia madaktari hukosea, uraia uko karibu kutoka, vumilia kidogo, ningoje.

Na wewe ungeningoja.

Lala, dada yangu, upumzike. Hasira bado ninayo, lakini lala.