Fundi anayesubiri mvua inyeshe

Mvua ya masika inapiga mabati tangu asubuhi. Kando ya barabara ya kwenda Wesha, nje kidogo ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, mafundi magari wamekusanya spana zao na kukimbilia barazani. Mmoja tu ndiye anayetoka. Jabir Silima ananyanyua turubai jeusi, analiendea gari dogo kuukuu lililoachwa nje makusudi lilowane, anafungua boneti, anaingiza kichwa na mabega, kisha anajifunika gubigubi.

Anayepita njiani anaona turubai na miguu miwili tu.

"Piga," sauti inatoka humo ndani.

Mzee Nassor Amur, aliyeketi kwenye usukani, anazungusha ufunguo. Stata inalia, injini inazunguka, lakini haishiki. Anajaribu tena. Hola.

"Alhamdulillahi," anasema Jabir.

Mwandishi wa makala haya amewahi kukutana na mafundi wa kila namna, wakiwemo wale wanaokurudishia gari na skrubu tatu zilizobaki mkononi. Fundi anayemshukuru Mungu kwa sababu gari limegoma, huyu ni wa kwanza. Ilibidi kusogea karibu, na kulowa.

Jabir ana umri wa miaka arobaini na tisa na ni fundi umeme wa magari. Mjini wanamwita Fundi Mvua. Anapelekewa magari yenye ugonjwa mmoja wa kuudhi: jua likiwaka yanawaka, mvua ikinyesha yanagoma. Mwenye gari anahangaika kutwa nzima, na kesho yake anapofika kwa fundi jua limetoka, gari linashika mara moja, naye anaonekana muongo.

"Hapo fundi atakubadilishia betri, atakubadilishia plagi, atachukua haki yake," anasema Jabir. "Nvua ikirudi, umerudi ulipokuwa. Ntu akija kwangu homa ishashuka, mie nitapima nini?"

Kwa hiyo yeye hagusi kitu. Gari linaachwa uwanjani mpaka mvua inyeshe na ugonjwa ujitokeze wenyewe. Ndoo ya maji haitoshi, anasema, hukauka kabla unyevu haujapenya. Kazi hii haimtajirishi. Kiangazi huishi kwa kutengeneza taa na honi, na mkewe Kazija amelalamika mara nyingi kwamba waume wa wenzake mvua ikinyesha hurudi nyumbani, wa kwake ndiye hutoka. Hata chupa ya kupulizia maji anayoitumia kutafuta hitilafu ameichukua kwenye meza ya Kazija ya kupigia pasi.

Jabir alijifunza ufundi huu bandarini Wesha, alikokuwa akitengeneza mashine za boti tangu ujana wake. Huko hakuna mashine kavu, na kila asubuhi kuna moja inayogoma. Aligundua mapema kwamba umeme unaokwenda kwenye plagi ni mkali na hupenda njia ya mkato. Waya ukiwa na ufa mwembamba, siku kavu hakuna neno. Unyevu ukiingia kwenye ufa ule, umeme hutoroka na kurukia chuma cha injini, na plagi haipati cheche. Ukitaka kumwona mtoro huyo, sharti uwe gizani. Ndiyo kazi ya turubai.

Lakini leo Jabir hana raha, wala Mzee Nassor hana. Mzee huyu ni mkulima wa karafuu kutoka Kiuyu, kaskazini mwa kisiwa, na binti yake Ruweida yuko katika mwezi wa tisa wa mimba yake ya kwanza. Gari hili ndilo linalotegemewa pale mtaani kumfikisha mama mjamzito hospitali, Wete. Masika iliyopita liligoma mvuani, na jirani aliyeshikwa na uchungu akapakiwa kwenye pikipiki, mume akimfunika kwa mwavuli ulioishia kupinduka njiani. Alijifungua salama. Ruweida alikuwepo, aliyaona, na ameshamwambia baba yake kwamba yeye pikipiki hapandi.

Gari limekaa kwa Jabir siku tatu likingoja mvua. Siku hizo zote Kiuyu hakuna gari. Mzee Nassor amerudi leo alfajiri, alipoliona wingu, na simu yake haitoki mkononi.

"Binti akipiga sasa hivi," anasema, "nitamwambia nini? Nakaa namtazama ntu kajifunika turubai?"

Chini ya turubai Jabir anapuliza maji kidogo. "Piga."

Mara hii anaguna. Anamwita mwandishi naye aingie. Ndani ni giza na joto, na injini inapozunguka inaonekana: vijinyuzi vya bluu vinarukaruka kwenye waya, vikilia tik, tik. Inapendeza kutazama, na ni kitu cha kutisha ukikumbuka mkono wako uko wapi. Kinachomshangaza Jabir ni kwamba havirukii mahali pamoja. Waya zote nne zinavuja, toka mwanzo mpaka mwisho, na waya hizi hazijatimiza hata miaka miwili.

Kuna jambo jingine. Chini ya turubai kunanukia karafuu, tena kwa nguvu.

Mwandishi alikuwa ameinusa harufu hiyo tangu alipofika akanyamaza. Pemba karafuu hunukia kwenye magunia, kwenye majamvi, kwenye nguo za abiria, na mgeni anayeiulizia huchekwa. Jabir naye aliinusa kwa siku tatu bila kuijali. Lilikuwa gari la mkulima, linuke nini tena? Sasa anatoa kichwa nje, maji yanamtiririka usoni, na anavinusa vidole vyake.

"Mzee Nassor," anasema, "msimu ushapita. Hino harufu yatoka wapi?"

Mzee anatabasamu kwa mara ya kwanza leo. Anaeleza kwa fahari. Gari hulala ubavuni mwa ghala lake, na mwaka juzi panya walizitafuna waya zote. Alipotia mpya hakukubali mchezo. Akachukua chupa ya mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu, ambayo humo nyumbani mwake hutibu jino, goti na mbu, akazipaka.

"Kila Ijumaa nikitoka msikitini nazipaka," anasema. "Hakuna panya aliyegusa tena."

Jabir anachomoa waya mmoja, anaupinda mbele ya macho ya mzee. Mpira umelainika, unanata vidoleni, na pale ulipopindwa unafunguka nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu.

"Panya umewafukuza kweli, mzee wangu," anasema taratibu. "Lakini mafuta hayo makali. Mpira umeliwa nayo."

Mzee Nassor anaushika waya ule na kuupinda mwenyewe. Alilipenda gari lake, akalitunza kila Ijumaa kwa mkono wake mwenyewe, na ndivyo alivyoliua. Inasikitisha kumtazama. Jabir anaona hivyo pia, na badala ya kucheka anamwambia kwamba hata yeye kwake chupa hiyo ipo, na angeweza kufanya vilevile.

Waya mpya zinaletwa kutoka duka la vipuri mjini. Jabir anazifunga, anafuta mafuta yaliyobaki, kisha anachota ndoo ya maji na kuzimwagia. Ufunguo unazungushwa mara moja na injini inashika. Mzee Nassor hangojei hata kuaga vizuri. Anaahidi kuweka mtego wa panya, kisha anaondoka kuelekea kaskazini mvuani.

Wiki iliyofuata mwandishi anamkuta Jabir barazani akitoboa matundu kwenye bomba la plastiki. Anataka kulipachika juu ya nguzo na kuliunga na tangi, anyeshee gari siku yoyote, jua liwe, wingu liwe.

"Siku tatu zile nilikuwa sili vizuri," anakiri. "Ruweida angeshikwa gari liko kwangu, ningemtazamaje babake?"

Mvua inaanza, na simu yake inalia. Ni Mzee Nassor. Hasalimu. Ameielekeza simu kwenye injini, na hata aliyekaa pembeni anaisikia ikinguruma.

"Umesikia, fundi? Na nvua hino! Mara moja tu!"

Kisha inasikika sauti ya mwanamke, karibu na simu, yenye pumzi fupi.

"Baba, fundi utampigia baadaye. Twende."

Simu inakatika. Jabir anaitazama kidogo, midomo ikicheza kwa dua, kisha anairudisha mfukoni na kushika bomba lake.

"Inshaallah," anasema, "mwezi ujao hapa itanyesha nikitaka mie."