Ngoie, gardienne wa Katuba

Nimepiga simu Katuba mara ya pili kuuliza tena, maana ile ya kwanza nilijiambia nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Ngoie wetu ametuacha.

Marafiki, mtanisamehe. Nataka kulia, na kila nikianza kulia nakumbuka kitu, nacheka. Basi acheni niwasimulie huyu mwanamke kabla sauti haijakatika.

Tulikutana kwenye stage, mafunzo ya walimu wa watoto wadogo, hapa Lubumbashi, wakati wa Zaire. Yeye katoka Mitwaba na sanduku la bati, mimi mtoto wa mjini najiona najua kila kitu.

Majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa, kila mwanamume Citoyen, kila mwanamke Citoyenne, yaani raia. Asubuhi tuliimba na kucheza kwa ajili ya Chama tawala kabla ya somo lolote, na Ngoie alicheza vibaya, jamani! Wimbo unaenda kulia, yeye kushoto. Inspecteur, mkaguzi wa shule aliyetufundisha, aligeuza uso ili asicheke.

Lakini mpe watoto sasa! Wale waliomlilia mama yao tangu getini, yeye anaketi sakafuni bila neno, anachezea vifuniko vya chupa, na baada ya muda wamemjaa mapajani. Nilitazama hivyo kila siku na kila siku nilifurahi upya.

Shida ilikuwa neno. Kwa Kifaransa cha wakati ule shule hizo ziliitwa école gardienne, na mwalimu wake gardienne. Na Lubumbashi ukisema gardien, kila mtu anaona mlinzi wa usiku na fimbo yake.

Ngoie alikaa mtaa wa Katuba kwa mjomba wake, mtu wa kiwanda cha shaba, mkali, shati limepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Siku moja jirani akampongeza kwamba mpwa wake anasomea gardienne. Mzee alirudi nyumbani anachemka. Mtoto wa dada yake alale nje kwenye mlango wa watu? Hapana.

Ngoie akamweleza kazi yenyewe ni nini. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Kulinda batoto njo kintu ya kusomea?" akasema. "Mama yako alisomea wapi?"

Mwezi ukiisha anampandisha camion, lori la Mitwaba, awe na brevet, cheti cha ualimu, au asiwe nayo. Na bila pa kulala mjini, Ngoie angefundisha wapi?

Mimi ningelia. Yeye aliniambia atamleta mjomba darasani, siku ya mtihani wa somo la vitendo. Nilimwambia amepata wazimu.

Mzee alikuja! Abacost yake nyeusi, lile koti la Zaire lisilovaliwa na tai, amekaa nyuma kwenye benchi ya watoto, magoti karibu na kidevu. Inspecteur alimtazama, akamwacha akae.

Somo lilikuwa kufinyanga. Udongo wa rangi wa kwenye vitabu hatukuwa nao, kwa hiyo Ngoie alileta udongo wa kichuguu, akauloweka mpaka ukawa laini. Watoto walitakiwa kutengeneza mipira na kuihesabu.

Mipira gani! Udongo ulipoingia mkononi, mikono ikafanya inachokijua: bukari, ule ugali wetu. Darasa zima wanasonga bukari. Nikamwona Ngoie anataka kuwazuia, halafu akawaacha.

Kabinti kamoja kakainua macho kutafuta mkubwa wa kupakuliwa kwanza. Kakampita Inspecteur. Kakaenda mpaka nyuma kwa mjomba, kakapiga goti, kakampa donge kwa mikono miwili.

"Baba, nawa mikono. Bukari iko inapoa."

Mjomba alilitazama donge, akamtazama mpwa wake. Kisha akanawa mikono kwa maji ambayo hayakuwepo, taratibu, kama yuko mezani kwake.

"Aksanti, mama," akasema. "Na mboga iko wapi?"

Darasa likalipuka! Huyu anafinyanga samaki, yule bitoyo, wale wakavu wa chumvi, wawili wanagombana nani atwange sombe, kisamvu chetu, mwingine anahesabu wageni ili asikose mtu. Ngoie alipita katikati yao akiuliza nani bado hajapata na kumebaki ngapi. Hesabu, lugha, mikono, heshima, vyote kwa pamoja. Mimi pembeni nilikuwa napiga makofi kwa furaha.

Mwishoni Inspecteur, akijifuta macho kwa kucheka, aliuliza huyu baba ni nani. Mjomba akasimama, akanyoosha abacost yake, akamwonyesha Ngoie kwa kidole.

"Miye njo gardien yake," akasema. "Na eko anabakia hapa."

Ngoie akabaki! Akapata brevet, akafundisha, kisha akafundisha wanaofundisha, Katuba hii hii na kwao Mitwaba kila likizo. Mzee ndiye aliyekuwa akimbebea mizigo mpaka kwenye camion, akiwaambia abiria wote mpwa wake anakwenda kufanya nini.

Ninyi walimu, monitrice mliopita mikononi mwake, mnajua alivyowakalisha kwenye vile viti vidogo siku nzima kabla hajawaruhusu kufungua mdomo. Mlinung'unika! Leo mnawafanyia wenzenu hivyo hivyo, nawaona kwenye picha zenu.

Na mnajua hakufunga darasa kabla mzazi wa mwisho hajafika. Mvua inyeshe, sherehe ipite, yeye yuko mlangoni na yule mmoja aliyecheleweshwa, wanapiga hadithi.

Ngoie, mwenzangu, nitakukosa sana. Sijui asubuhi nitampigia nani kumwambia mambo ya kuchekesha.

Bazazi bote bamekuya. Hakuna mutoto mwenye kubakia. Funga mulango sasa, ulale muzuri.